Mashine ya Kushoto

Yusufu ameniomba niandike, na kwa kuwa asubuhi sina tena kazi zaidi ya kumkwaza mke wangu jikoni, nimekubali. Yusufu ni kijana wa Bujumbura, fundi katika karakana ya kituo cha televisheni nilichokitumikia hapa Brussels tangu nilipokuwa bado na nywele. Wapo wenzake wawili wanaozungumza Kiswahili, mmoja wa Kolwezi na mmoja wa Mombasa, na wote wanataka kujua habari za zile mashine za michezo zilizokuwa zimefunikwa maturubai ghalani. Vyeo na mishahara sitavitaja, na kusema kweli havikuwa vya kutajwa. Nitaeleza tulivyofanya kazi. Halafu nitaeleza mstari mmoja nilioandika kwa mkono wangu kwenye daftari la ufundi. Mstari ule ni wa uongo, na ulimwumiza mtoto wa watu.

Mke wangu ni mtu wa Kigoma. Amezipitia kurasa hizi na kuondoa Kifaransa changu kama anayechambua mchele. Nimemwacha, ila pale watu wanapozungumza nimemkataza asiguse. Mimi ni wa Lubumbashi na watu wangu nawajua wanavyosema.

Siku ya kwanza kazini nilivaa suti. Nilikuwa nimemaliza masomo ya elektroniki, nina cheti kwenye bahasha, na nilidhani mtu atakiuliza. Fundi mkuu, mzee Gaston, mkazi wa Berchem-Sainte-Agathe, alikuwa amevaa koti la bluu la kazi na ana kiko mdomoni ambacho sikuwahi kukiona kimewashwa. Hakuiangalia bahasha wala suti. Alifungua mlango mdogo wa mashine ya michezo, akachukua kadi ya jina ya mwuza bima fulani, akaikata kipande chembamba, akanipa. Akaniambia nisugue.

Pale chini ya kijiti cha kuchezea, kile watu wetu wanachokiita levier, kulikuwa na jozi nne za vibati vya shaba: juu, chini, kushoto, kulia. Ukisukuma kijiti kushoto, vibati viwili vya kushoto vinagusana, na kile kichombo cha angani unachokiendesha kwenye kioo cha mchezo kinakwenda kushoto. Visipogusana, hakiendi. Ndiyo siri yote. Vibati vikipata uchafu unasugua kwa karatasi ngumu, na kadi ya jina ndiyo inayofaa. Msasa unakula shaba. Nilisugua saa nzima nikiwa na suti yangu. Gaston alipoona nimemaliza alisema kesho nije na suruali ya kawaida, na hapo nikajua nimeajiriwa.

Niwaeleze kipindi chenyewe, maana ninyi mmezaliwa michezo ikiwa tayari mfukoni. Miaka ile mashine za michezo zilikuwa kwenye mikahawa na kumbi, na watoto wa mji huu walikuwa wamepagawa nazo. Kituo chetu kikaamua kutengeneza mashindano. Jina la kipindi lilikuwa refu, la Kifaransa. Karakanani tulisema tu "Mashine". Tulirekodi Jumatano mchana, kwa sababu Jumatano mchana watoto hawaendi shule. Mashine tatu zilisimama mbele ya kamera, kila moja kimo cha kabati la nguo. Watoto watatu walicheza mchezo ule ule kwa dakika tatu zile zile, mwenye pointi nyingi anaondoka na kompyuta ya nyumbani na anarudi kwenye fainali. Wengine walipewa kofia. Kofia zilikuwa kubwa mno, sijui nani alizipima.

Kwa mtazamaji ilikuwa raha tupu. Kwetu ilikuwa jasho. Kamera na vioo vya mashine havikupatana, kwa hiyo kila ukitazama picha kulikuwa na mstari mweusi mnene unaopanda taratibu kutoka chini kwenda juu. Gaston alihangaika nao wiki mbili, mwishowe akachomoa picha moja kwa moja kutoka tumboni mwa mashine na kuipeleka chumba cha uongozaji, kamera ikabaki kuonyesha nyuso tu. Taa za studio nazo zilikuwa na joto la kukaangia yai. Mashine zilipopata joto zilijizima katikati ya mchezo, ndipo tukazitoboa migongo na kuziwekea feni. Watoto wafupi hawakufikia vibonye, kwa hiyo waliwekwa juu ya kreti za bia zilizofunikwa zulia. Mama wa mtoto mmoja aliinua zulia akaona jina la bia, akaandika barua kwa mkurugenzi. Tukageuza kreti upande mwingine.

Gaston alikuwa na kanuni moja tu, na ndiyo inayonifanya niandike. Kabla ya kengele, kila mtoto alipewa nusu dakika ya kujaribu mashine yake. Mtoto akiinua mkono, unafungua mashine. Humwulizi amejuaje, humwambii umeshakagua asubuhi. Unafungua, unaangalia kwa macho, unafunga, unaandika kwenye daftari. Kamera zinasubiri. Mwongozaji wetu, bibi mmoja mwenye haraka aliyeitwa Huguette, alichukia kanuni ile kama jino bovu. Kuna mvulana mmoja aliyetusimamisha mara nne mchana mmoja. Mara nne Gaston alipiga magoti, akafungua, hakukuta kitu, akafunga. Huguette alikuwa anazunguka studio akiongea peke yake. Nilimwuliza Gaston kama hakuona kwamba yule mtoto anaogopa tu. Akasema ameona. Akasema kwake ni sawasawa, akiogopa au mashine ikiwa mbovu, kwa sababu mtoto hana namna ya kuifungua mwenyewe.

Nilifanya kazi naye miaka miwili nikiifuata kanuni ile bila kufikiri. Nimefungua mashine kwa ajili ya watoto wa kila aina, walionipenda na walioshangaa kuniona. Ieleweke basi kwamba siku ile sikukosea kwa kutojua.

Jumatano ile niliingia studio mapema. Nilisukuma vijiti vyote mara kumi kila upande, nikasikiliza, vikaitika. Gaston alikuwa juu kwenye chumba cha uongozaji kwa sababu ya kebo iliyoleta tabu, mimi nikabaki chini peke yangu. Washindani wakaingia na wazazi wao. Wa tatu alikuwa msichana wa miaka kumi na moja, amesukwa nywele vizuri, amevaa viatu vya Jumapili. Mtoto mweusi wa kwanza kuingia kwenye kipindi chetu. Mama yake alikuwa nyuma yake amebeba boksi la mikate, ile mikate ya mviringo ya kukaanga, kwa ajili ya watu wote wa studio. Akaniona nimechuchumaa nyuma ya nyaya.

"Eh, papa! Weye si wa kwetu?" Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni. "Unatokaka wapi?"

"Lubumbashi, mama. Katuba."

"Katuba! Nadine, kuya usalimie tonton yako. Bon, sasa niko tranquille. Mutoto iko na muntu yake humu ndani."

Nadine akaja akanipa mkono kama mjomba wake. Studio nzima ilikuwa imenyamaza kututazama. Huguette akacheka, akaniambia, "Basi, Flory, leo mshindi tunamjua tayari." Watu wa kamera wakacheka. Baba wa mmoja wa wale watoto wengine hakucheka. Alinitazama, akazitazama mashine, akanitazama tena. Mimi nilicheka pamoja na waliocheka, huku masikio yanawaka moto.

Watoto wakapiga kura ya mashine. Nadine akapata ya kushoto. Akapanda juu ya kreti, akashika kijiti, akaanza kujaribu. Baada ya kitambo akainua mkono.

Nilimwendea. Akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayemwambia wa nyumbani kwao, "Tonton, levier haitake kwenda ku gauche. Inaenda, halafu inakatala."

Nataka mjue kilichopita kichwani mwangu, nami sitajipendelea. Sikuwaza mashine. Niliwaza yule baba. Niliwaza nikipiga magoti sasa, nikafungua mlango na kuingiza mikono ndani ya mashine ya mtoto wa kwetu, kisha mtoto wa kwetu akashinda, watasema nini? Watasema Flory amemtengenezea. Nilikuwa fundi Mwafrika peke yangu katika jengo lile. Nikashika kijiti, nikakisukuma kushoto mara moja tu, kile kichombo kikaenda. Nikamjibu kwa Kifaransa, kwa sauti, ili wote wasikie, "Inafanya kazi vizuri, binti. Cheza."

Alinitazama. Kisha akageuka kwenye kioo, na kengele ikalia.

Alicheza vizuri. Nilisimama nyuma nikaona kila mara anaposukuma kushoto, mara tatu inakwenda, ya nne haiendi. Alikuwa ameanza kuizoea, anazunguka kulia ili asihitaji kushoto. Akashindwa kwa pointi chache, kiasi cha mzunguko mmoja. Akavalishwa kofia, ikamfunika macho. Mama yake akaja kwangu akiwa bado na boksi.

"Aksanti, tonton. Nimeona vile ulienda kumuangalilia mashine. Bon, ameshindwa, tutafanya je? Kamata mikate."

Nikachukua mikate.

Walipotoka wote nilifungua mashine ya kushoto. Skrubu ya kibati ilikuwa imelegea kwa joto la taa, na kibati kimesogea mbali na mwenzake kwa unene wa ukucha. Kikigusa, kinagusa kwa bahati. Nilikaza skrubu nusu mzunguko. Haikuchukua hata sekunde kumi. Gaston akashuka ngazi, akaniuliza, "Nimeona kwenye kioo yule msichana ameinua mkono, kisha picha ikahamia kwa wengine. Ulifungua?" Nikasema ndiyo. Akanisogezea daftari niandike. Nikaandika saa, nikaandika: "Mashine ya kushoto, imefunguliwa kabla ya mchezo, iko sawa." Nikatia sahihi. Alikuwa ananiamini, hakusoma.

Ningeweza kwenda kesho yake kwa Huguette na kusema ukweli, wangemrudisha mtoto kucheza upya. Ilishawahi kufanyika kwa sababu ya umeme kukatika. Nilijiambia nitasema Ijumaa. Ijumaa nikajiambia Jumatatu. Kipindi kikaonyeshwa, na baada ya hapo nikaona hakuna maana tena ya kusema. Ndivyo nilivyojidanganya, na nilijua najidanganya.

Sasa, Brussels kwa watu wetu ni kijiji. Mama Nadine alikuwa anakaa Koekelberg, nyuma ya basilika, na mimi nilipooa nikahamia Jette. Kila Jumapili tulikutana sokoni Jette, na kila Jumapili alinishukuru. Miaka na miaka. Alikuwa ananitambulisha kwa watu: "Huyu njo tonton wa télé, aliangalilia mutoto wangu." Aliniletea samaki wa kukaushwa kila ndugu yake alipotoka Katanga. Mke wangu alipika, tukala, na mimi nikawa naumwa na kila tonge. Siku moja nilianza kusema. Nilisema, "Mama Nadine, ile siku ya mashine…" Akanikatiza, akacheka, akasema yale yamekwisha, tonton, usijali. Nikashukuru kwamba amenikatiza. Nasikia aibu kuandika hivyo, lakini nilishukuru.

Kipindi kilikufa baada ya misimu michache, kama vinavyokufa vipindi vyote, bila mtu kuaga. Mashine zikapelekwa ghalani. Gaston alistaafu na akaniachia daftari pamoja na kisanduku cha kadi za jina, zaidi ya mia, za watu ambao wengi wao sasa ni marehemu. Ningeweza kuchana ukurasa ule. Sikuuchana, na msinisifu: kurasa zilikuwa na namba. Baadaye nilirekebisha kamera, kisha rekoda, kisha yakaja mambo ya kompyuta ambako hakuna tena cha kufungua, unazima na kuwasha. Huko nawaachia ninyi. Gaston alifariki, nikamzika nikiwa bado ni fundi mwaminifu machoni pake.

Mama Nadine alifariki majira ya baridi yaliyopita. Kwenye matanga nilibeba viti na kupanga vikombe, kazi ya mtu wa nyumbani, na wanawake wa Koekelberg walinipisha njia kwa heshima. Nadine sasa ni mwanamke mzima, muuguzi katika hospitali kubwa ya Jette, ana watoto wakubwa. Alinisalimia kwa kichwa tu. Nilidhani ni huzuni.

Wiki zangu za mwisho kazini, kituo kikaamua kufanya maonyesho madogo ya vipindi vya zamani kwenye ukumbi wa kuingilia. Yusufu akaniomba tuzifufue zile mashine tatu. Tulifanya kazi mwezi mzima, nikamfundisha kusugua kwa kadi. Akalipata daftari kwenye kabati langu, akafurahi, akasema litawekwa kwenye kabati la kioo watu waone maandishi ya mafundi. Kisha akaniambia wanawatafuta washindani wa zamani waje. "Kuna mmoja anakaa karibu na wewe, tonton," akasema. "Nadine. Amekubali kuja Jumatano, akitoka kazini."

Sikulala vizuri hadi Jumatano. Nilijua siwezi kumwacha asimame mbele ya kile kioo, asome mkono wangu unavyodanganya.

Akaja mchana akiwa bado na viatu vyeupe vya hospitali. Nilimwomba Yusufu akatuletee kahawa, na asiharakishe. Nikamwonyesha Nadine daftari, nikaweka kidole kwenye mstari, nikamwambia yote: kwamba sikufungua, kwamba skrubu ilikuwa imelegea, kwamba niliogopa kusemwa. Alisikiliza bila kusogea.

"Nilijuaka, tonton," akasema.

"Ulijua?"

"Ile levier ilikuwa mubaya. Mukono yangu njo ilikuwa pale juu, si yako." Alisema bila hasira, kama anayemweleza mgonjwa. "Nilipofika ku nyumba nikamuambia mama: mashine ilikuwa inakatala. Mama akasema, apana. Tonton Flory ameangalia. Tonton ni wa kwetu, hawezi kutufanya vile. Donc weye njo unadanganya."

Niliondoa kidole kwenye mstari.

"Ile maneno haikuisha," akaendelea. "Alikuwa anaelezea bantu kila fois: Nadine wangu alishindwaka ku télé, halafu akasema ni mashine. Hata ku ndoa yangu aliielezea. Bantu wote wakacheka. Na mi nilicheka."

"Nisamehe, mwanangu."

Alifikiri. Nilitamani aseme haraka, hakusema haraka.

"Mi naweza kuacha, tonton. Niko mukubwa. Lakini mama amekufa anajua mutoto yake ni wa kudanganya. Na mulikuwa munaonana naye kila dimanche."

Kisha akaiendea mashine ya kushoto. Haikuhitaji kreti tena. Akaweka mkono juu ya kijiti, akasukuma kushoto, akaachia, akasukuma tena. Nilihesabu bila kutaka: mara kumi, kama nilivyofundishwa na Gaston. Kila mara kile kichombo kilikwenda.

"Sasa inaenda," akasema. Akachukua mkoba wake, akaniambia nimsalimie mke wangu, akaenda kuwahi tramu.

Yusufu alirudi na kahawa tatu, akauliza mgeni yuko wapi. Nilichukua kalamu, nikaandika chini ya ule mstari, pamoja na tarehe ya siku ile na sahihi yangu: "Haikufunguliwa. Mtoto alisema kweli." Yusufu akasoma begani kwangu, akaweka kahawa chini. Kisha akaniuliza daftari aliweke kwenye kioo likiwa limefungwa, au alifungue, na kama ni kulifungua, ukurasa upi.

Nikamwambia alifungue hapo hapo.